Alama Nilizokosea Kusahihisha

Katika miaka yangu ya ualimu nimesahihisha madaftari yasiyo na idadi. Insha ya alama saba niliitenga na ya alama nane bila wasiwasi. Lakini kuna mtihani mmoja niliousahihisha vibaya, na kosa hilo limenifuata hadi uzeeni.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi wilayani Serengeti. Darasa la tano alikuwamo mvulana aliyesinzia kila asubuhi. Kwenye viwiko na nyuma ya magoti ngozi yake ilikuwa nyeusi kuliko kwingineko, nene, imejaa mikwaruzo. Wenzake walikataa kukaa naye dawati moja wakiogopa kuambukizwa. Nilimtazama, sikuona wekundu wala donda kubwa, nikasema, "Huu ni ukurutu mdogo tu." Kisha nikamchapa kwa kusinzia.

Mama yake alikuja ofisini. "Mwalimu, mwanangu halali. Usiku kucha anajikuna." Nikamwambia amkate kucha na amwogeshe vizuri. Kabla ya mwaka kwisha mtoto aliacha shule, akaenda kuchunga ng'ombe.

Miaka ikapita, nikastaafu. Mwaka 2019, wakati wa kiangazi, nilimpeleka mjukuu wangu wa miaka sita kwa tabibu mmoja hapa Tarime. Mama huyo alisomea magonjwa ya ngozi KCMC, Moshi, kwenye kituo cha mafunzo kilichoanza mwaka 1992. Nilipomwambia ni ukurutu kidogo tu, alitabasamu.

"Shikamoo, Mwalimu. Tusitazame tu. Tuulize kwanza."

Akatoa karatasi yenye maswali saba. Kipimo hicho huitwa POEM, kilitungwa Nottingham, Uingereza, na kutangazwa mwaka 2004. Katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi ngozi imewasha? Usiku mangapi usingizi umekatika? Siku ngapi imetoa damu, imetoa majimaji, imepasuka, imebanduka magamba, imekauka? Kila jibu lina alama: hakuna siku, 0; siku moja au mbili, 1; tatu au nne, 2; tano au sita, 3; kila siku, 4. Jumla ya juu ni 28.

Mjukuu wangu alipata 19. Kuanzia 17 ukurutu huhesabiwa kuwa mkali.

Nikauliza, mbona sikuona wekundu? Akaniambia kwamba katika ngozi yetu nyeusi wekundu hujificha. Huonekana weusi uliozidi, kijivu au zambarau, hivyo anayetafuta wekundu peke yake hudhani ugonjwa ni mdogo. Akaushika mkono wangu, akaupitisha juu ya kiwiko cha mtoto. Kilikuwa kimekakamaa kama ganda la mti. Akaongeza kwamba ukurutu hauambukizi.

Tulirudi na dawa ya kupaka na mafuta ya mgando ya kumpaka kila siku. Baada ya wiki chache mtoto alilala hadi alfajiri. Mimi ndiye niliyekesha.

Nilijaribu kumpa yule mvulana wa mwaka 1986 alama zake. Kuwasha: kila siku, 4. Usingizi: kila usiku, 4. Maswali mengine matano nikayaacha wazi, kwa sababu sikuwahi kumwuliza. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikihukumu kitanda cha mwenzangu nikiwa nimesimama mlangoni.

Ndugu msomaji, kama wewe ni mwalimu, mtoto akisinzia mwulize habari za usiku kabla ya kugusa fimbo. Na mzazi akija kukueleza, mkaribishe kiti. Mama yule aliniletea jibu la swali kubwa kuliko yote, nami nikalipigia mkasi.