Chupa ya Mafuta Niliyoipeleka Rusinga



Binti yangu wa tatu ameolewa Rusinga, kisiwa cha Ziwa Viktoria kilichounganishwa na mji wa Mbita kwa daraja. Mumewe ni mchuuzi wa omena, wale dagaa wanaoanikwa ufuoni juu ya nyavu. Alipojifungua, nilisafiri kutoka Mombasa nami nimebeba msahafu mdogo, tende, na chupa ya mafuta ya ini la samaki. Marehemu mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitulea kwa mafuta hayo. Aliamini kuwa kifua cha mtoto hakiwi imara bila yake, na mimi, pamoja na miaka yangu yote ya madrasa, sikuwahi kumwuliza ni mtoto wa umri gani.

Mjukuu alikuwa na siku nne. "Baba, usiku anakoroma," binti yangu akaniambia. Nikamjibu kwamba dawa ninayo. Nilikuwa nimekwisha kufungua kifuniko alipoingia mhudumu wa afya wa kijiji, mama wa makamo, aliyekuja kumtazama mzazi.

"Mzee, hayo unampa nani?"

Hakunifokea. Kwanza alimfunua mtoto kifua, akahesabu pumzi zake dakika nzima. Hazikufika 60, mbavu hazikubonyea kwa ndani, wala hakuguna. Lau angaliona hata moja katika hayo, alisema, tungaliondoka saa ile ile kwenda hospitali. Kisha akanieleza jambo lililonitoa jasho: mafuta hayamshtui mtoto akakohoa kama maji yanavyomshtua. Huteleza kimya mpaka mapafuni, yakakaa humo, yakaleta nimonia.

Mama yangu hakukosea yote. Mafuta ya ini yana vitamini A nyingi, na vitamini hiyo ndiyo inayohifadhi utando laini wa pua, koo na mapafu, unaonasa vumbi na vijidudu. Kosa ni kudhani kwamba mtoto mchanga apewe moja kwa moja. Jambo hilo limejaribiwa jirani zetu Tanzania: watoto wachanga wapatao 32,000 waligawanywa, baadhi wakapewa uniti 50,000 za vitamini A na wengine wasipewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015, na vifo havikupungua. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshauri tangu 2011 kwamba wachanga wasipewe. Hapa Kenya mtoto huanza na uniti 100,000 afikapo miezi sita, kisha 200,000 kila miezi sita tangu mwaka mmoja mpaka atimize mitano. Wale waliozaliwa kabla ya wakati sana huweza kudungwa sindano zake kwa ajili ya mapafu, lakini hiyo ni kazi ya madaktari.

"Basi huyu wangu aipate wapi?" nikauliza.

Akamwelekea binti yangu. "Dang'a alinyonya?"

Kimya. Mkwe wangu akainamisha uso. Maziwa yale ya manjano ya siku ya kwanza yalikamuliwa yakamwagwa, kwa kudhaniwa kuwa ni machafu. Tusiwacheke watu wa ziwani; nimeyasikia hayo hayo Mombasa. Umanjano ule wenyewe ni dalili ya utajiri wa vitamini A, kupita maziwa yajayo baadaye. Nami nimesomesha aya ya 233 ya Suratul Baqarah, ya kunyonyesha miaka miwili kamili, mara nisizoweza kuzihesabu, bila kuitaja siku ya kwanza ya miaka hiyo.

Kilichobaki kilikuwa kumlisha mama: omena wazima, mnavu na mchicha uliotiwa mafuta kidogo, papai, viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Wajawazito nao wajihadhari na mafuta ya ini na vidonge vya vitamini A wasivyoandikiwa, kwani ikizidi humdhuru aliye tumboni.

Kabla ya kuondoka aliagiza kitanda kihamishwe, kwa kuwa chumba kilipakana na jiko la kuni. Nikakumbuka ubani na udi tunavyomfukizia mzazi siku arobaini, mlango umefungwa, mtoto kando yake. Sikulisema hilo mbele yake. Nalisema hapa.

Chupa nilirudi nayo imejaa. Mke wangu alipoiona akauliza kama mtoto aliyakataa. Nikamwambia aliyekatazwa ni babu yake.