Watu wa Saa Tatu Asubuhi

Mwaka 1956 niliajiriwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake makuu Nairobi, nikapangiwa kituo cha uwanja wa ndege wa Tanga. Na tangu siku hizo hata nilipostaafu niliishi kwa kufuata saa, maana mpimaji wa hali ya hewa hana Idi wala Krismasi, hana usiku wala mchana, bali kila muda wake ukifika, kwa majira ya Greenwich yafuatwayo na vituo vyote vya dunia ili wote waitazame mbingu kwa wakati mmoja, hana budi kutoka nje na kuandika alionalo.

Wapitao njia walituona twaingia na kutoka katika ua wenye kibanda cheupe, wasijue tufanyalo. Kuta za kibanda kile ni za luva, ili upepo upite na jua lisiingie. Ndani mna kipimajoto kikavu, na cha pili ambacho ncha yake imevikwa kitambaa cha melimeli kinyonyacho maji, na kwa tofauti ya viwili hivyo ndipo huhesabiwa unyevu wa hewa. Mkuu wangu wa kwanza, mtu mpole asiyevumilia uzembe, alinifundisha kuzuia pumzi nifunguapo mlango, na kusoma kwanza sehemu za kumi, kisha ndipo digrii nzima, kwa sababu msomaji akikawia, joto la mwili wake mwenyewe huipandisha zebaki. Baadaye tuliinua macho, tukakadiria ni sehemu ngapi katika nane za mbingu zilizofunikwa na mawingu, kisha yote tukayageuza kuwa mafungu ya tarakimu tanotano, yakapelekwa Nairobi kwa simu ya upepo, na rubani aliyekuwa akingojea kuruka akapata habari zake.

Hao ndio sisi tuliokula mshahara. Lakini nilipopewa dhamana ya kukagua vituo vya mvua vya Usambara na bonde la Pangani, nilikutana na jamaa wa namna nyingine, ambao hata leo nawaweka mbele: mapadri, walimu, mabwana shamba, makarani wa mashamba ya mkonge, watu ambao kila siku saa tatu asubuhi, pasipo ujira wala cheo, waliacha shughuli zao wakaenda kupima mvua. Chombo chao kilikuwa kipima mvua cha shaba, mdomo wake upana wa inchi 5, kimesimikwa mahali peupe mbali na miti. Maji yake humiminwa katika gilasi nyembamba yenye alama, nayo huinuliwa hata ilingane na jicho, kisha husomwa pale uso wa maji ulipobonyea katikati, wala si pembeni upandapo kidogo kwenye kioo. Hapo huandikwa katika kadi ya mwezi, ndipo maji yakamwagwa. Na mvua ikishamwagwa hakuna awezaye kuipima tena, kwa hiyo yaliyoandikwa na mtu yule peke yake ndiyo amana iliyobaki kwa dunia nzima.

Kulikuwa na mwalimu mmoja karibu na Lushoto, ambaye kadi yake ya mwezi mmoja wa ukame ilijaa sifuri tangu juu hata chini, kila moja kwa wino, kila moja kwa mkono ule ule usiotetereka. Nikamwuliza, "Mwalimu, kwa nini usingepiga mstari mmoja tu?" Akanijibu, "Kila siku nilikwenda kuangalia, bwana." Wapimaji wote wataelewa uzito wa jawabu hilo. Sifuri maana yake ni kwamba mtu alikwenda, akafunua chombo, akakuta kikavu; nafasi tupu maana yake ni kwamba hakuna ajuaye. Mwenye kuacha nafasi tupu akidhani ni sawa na sifuri huiharibu hesabu ya mwezi, na hesabu ya mwezi ikiharibika, wastani wa miaka thelathini nao huingia shaka.

Thamani ya ustahimilivu huo ilidhihirika baada ya mvua kubwa za mwisho wa mwaka 1961. Ziwa Victoria lilianza kupanda, na hata kufikia mwaka 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili, likazamisha magati na mashamba ya pwani zake. Je, sababu ilikuwa lile bwawa la Owen Falls pale Jinja, katika mto utokao ziwani, lililofunguliwa mwaka 1954, au mvua yenyewe? Wataalamu walipokaa kulipiga hesabu jambo hilo, walirejea kadi za mvua za vituo vilivyolizunguka ziwa, na hesabu ikaonyesha kwamba mvua ndiyo iliyolijaza. Pasingekuwa na kadi hizo, ubishi ungaliendelea hata leo.

Nisiwasahau manahodha wa pwani, ambao kabla ya idara yoyote walihesabu siku tangu Nairuzi, mwaka mpya wa pwani, kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi, wakajua ni mwongo gani kaskazi hulegea na kusi huanza kuvuma. Hawakuwa na zebaki wala kadi, lakini walikuwa na ada ya kutazama na kukumbuka, nayo ndiyo asili ya fani yetu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo idara yetu ilikuwa chini yake, ilipovunjika mwaka 1977, sisi waajiriwa tulishughulika na barua za uhamisho na kugawana vyombo. Wapimaji wa kujitolea hawakungoja; kadi zao ziliendelea kutiwa posta, nyingine zikifuata njia za zamani, nami nikapewa kazi ya kuwaandikia mmoja mmoja kuwaarifu anwani mpya ya Dar es Salaam. Katika kila bahasha nilitia kadi tupu za mwaka mzima, na maneno ya shukrani ambayo hayakuwamo katika waraka wa ofisi. Wengi walijibu, na takriban wote waliuliza jambo moja: watapata wapi gilasi nyingine ya kupimia, iwapo hii waliyo nayo itavunjika.