Bodi Mpya kwa Gari la Kale



Wapendwa katika Kristo, tangu Halmashauri ya Walei ilipotangaza kwamba gari letu la parokia halitauzwa bali litavishwa bodi mpya, nimepokea maswali mengi kuliko niliyoyapokea katika Kwaresima nzima. Wengine wamenisimamisha mlangoni mwa kanisa, wengine wameniandikia, na mmoja alinifuata hadi msibani. Ni haki yenu kuuliza, kwa maana fedha zinazotumika zimetoka katika mpunga na mahindi yenu. Kwa hiyo juma hili naomba tutafakari pamoja jambo ambalo kwa macho ni la gereji, lakini ndani yake mna katekesi.

Gari lenyewe mnalifahamu. Ni Land Rover ndefu, ile iitwayo 109 kwa sababu ekseli yake ya mbele na ya nyuma zimeachana inchi 109, ya toleo la tatu ambalo lilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani mwaka 1948. Vita vilikuwa vimekwisha, na huko Uingereza chuma kilitolewa kwa mgawo, ilhali alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya bodi yake ikafanywa kwa mchanganyiko wa alumini, lakini chasisi, yaani ule uti wa mgongo unaobeba kila kitu, ikabaki ya chuma. Ukuta unaotenganisha injini na abiria nao ni wa chuma. Watu husema Land Rover haipati kutu. Husema hivyo kwa sababu hutazama bodi, hawainami kutazama chini.

Gari letu limefika mahali ambapo bodi haifai tena. Sakafu imezibwa kwa vipande vya bati la kuezekea, mlango wa nyuma hufungwa kwa kamba, na vioo viwili havipo. Aliyepita Sitalike na kukatiza Hifadhi ya Katavi ndani ya gari lisilofungika anajua mbung'o wana ukarimu gani. Mgonjwa aliyelazwa nyuma hana hata mkono wa kujipungia.

Tulikuwa na njia nne mbele yetu, nami nitazieleza moja moja ili kila mmoja aone tulivyopima.

Ya kwanza ilikuwa kununua bodi ya asili iliyotumika, iliyovuliwa kutoka gari lililokufa. Uzuri wake ni kwamba ni kitu halisi na matundu ya bolti hulingana. Ubaya wake ni kwamba bodi ya umri uleule huja na magonjwa yaleyale, na mara nyingi gari lilikufa kwa kupinduka, hivyo bodi imepinda hata kama rangi inang'aa.

Ya pili ilikuwa kuagiza nakala mpya kutoka nje. Kijana mmoja wa VIWAWA alinionyesha katika simu yake magari ya Marekani yaitwayo hot rod. Katika miaka ya 1930 na 1940 vijana wa California walinunua magari kuukuu, hasa Ford, wakayavua madigadi, wakaziongezea injini nguvu, wakashindana mbio juu ya sakafu za maziwa yaliyokauka. Ford ya mwaka 1932, ya kwanza yenye jina hilo kupewa injini ya silinda nane, ndiyo wanayoipenda kuliko zote. Leo bodi zake za asili ni adimu na ghali, kwa hiyo vipo viwanda vinavyotengeneza bodi mpya za chuma kwa umbo lilelile, na vingine huzitengeneza kwa faibaglasi. Mwenye kuunda gari lake huchagua. Ya chuma ni nzito na ya gharama, lakini huchomelewa na kunyooshwa. Ya faibaglasi ni nyepesi na haipati kutu, lakini haina nguvu yenyewe mpaka iimarishwe kwa ndani. Nilimwambia kijana yule kwamba wenzetu wale wanatafuta gari la kujivunia siku ya Jumapili, nasi tunatafuta la kubeba wagonjwa siku ya Jumatatu. Hata hivyo tuliyapima waliyoyapima wao. Faibaglasi tuliikataa, kwa kuwa katika njia za vigango vyetu chasisi hujinyonga kushoto na kulia mchana kutwa, na nyufa huanzia pale palipokazwa bolti. Nakala za alumini za kuagiza ni nzuri, lakini gharama ya kuzifikisha Dar es Salaam, kuzilipia ushuru na kuzileta hadi Mpanda ingemaliza fedha yote kabla ya kununua tairi moja.

Ya tatu ilikuwa kumpa fundi wetu atengeneze bodi yote kwa bati la chuma. Ni rahisi kupatikana na kila gereji huweza kulichomelea. Lakini chuma huzidi alumini uzito karibu mara tatu kwa unene uleule, na kila kilo tunayoiongeza kwenye bodi tunaipunguza kwa abiria, au tunaidai kwenye springi.

Ya nne ndiyo tuliyoichagua. Bodi ya Land Rover ya zamani karibu yote ni ya mistari iliyonyooka, kwa hiyo fundi mwenye subira aweza kununua alumini bapa na kuikunja hapahapa. Ukuta wa mbele, ambao ni mgumu kuunda, tutaupata wa asili uliotumika, baada ya kuukagua. Nyuma patafungwa kwa vioo, upande mmoja uwe na benchi, upande wa pili uwe wazi, urefu wa mtu aliyelala. Pale alumini inapokutana na chuma patawekwa rangi na mpira, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, alumini huliwa taratibu na kugeuka unga mweupe.

Ilijitokeza pia njia ya tano, ambayo haikuwa katika orodha yetu. Muuzaji mmoja alitupa gari zima, bodi nzuri na chasisi yake, kwa bei ya kushangaza. Halikuwa na kadi. Alishauri tuchukue gari lake, tung'oe bamba lenye namba ya gari letu na kuligongomea pale, kisha tufute namba yake. Alisema jambo hilo hufanywa kila siku na hakuna atakayeinama kutazama. Wajumbe wawili waliuliza, kwa nia njema kabisa, kama si heri kuwahi masika kuliko kushikilia karatasi. Nilijibu kwamba gari lisilo na kadi huenda lina mtu anayelililia mahali fulani. Hatuwezi kumpelekea mgonjwa Ekaristi Takatifu ndani ya uongo, hata kama uongo huo una springi nzuri. Bodi yetu itakuwa nakala, nayo itaitwa nakala. Katika daftari la parokia tutaandika kipi ni cha asili na kipi ni kipya, na mabadiliko tutayapeleka Mamlaka ya Mapato, ili kadi iseme kilichopo. Nakala si uongo, ndugu zangu. Uongo huanza pale nakala inapodai kwamba ndiyo asili.

Sasa nije kwenye jambo lililochelewesha kazi, ambalo wengi mmelilalamikia. Tulipokuwa tayari kununua alumini, fundi alikataa kupima hata inchi moja. Alilaza gunia chini, akaingia chini ya gari na nyundo ndogo, akaanza kuigonga chasisi kutoka mbele kwenda nyuma. Palipo na chuma kizima nyundo hulia. Palipooza husikika sauti butu. Alipofika nyuma ya gurudumu la kulia, nyundo ilizama. Mkono wa mtu fulani, miaka iliyopita, uliziba tundu pale kwa puti na kulipaka rangi nyeusi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Bodi mpya ingekaa vizuri kabisa juu ya chasisi ile, tungeibariki kwa maji ya baraka na kupiga picha, nayo ingevunjika katikati ya mto siku ina watu kumi ndani. Kwa hiyo theluthi ya fedha yenu imekwenda mahali ambapo hamtapaona kamwe: kukata chuma kilichooza na kuchomelea kizima.

Bwana wetu alifundisha kwamba hakuna mwenye busara anayeshona kiraka cha nguo mpya juu ya vazi kuukuu, kwa maana kiraka huvuta na tundu huzidi. Aliwaonya pia waliofanana na makaburi yaliyopakwa chokaa. Nawaomba tujipime hapo. Tunavaa sare mpya za chama cha kitume, tunafunga ndoa kanisani baada ya miaka ishirini ya kuishi pamoja, tunaahidi mbele ya jumuiya kuacha pombe. Yote ni mema. Lakini je, tumemruhusu mtu kuingia chini na nyundo? Kitubio ndiyo nyundo hiyo ndogo. Hakipigi ili kuvunja. Kinagonga kwa utulivu, hatua kwa hatua, mpaka kipate mahali ambapo sauti inabadilika.

Lakini swali lililonishika zaidi halikutoka kwa Halmashauri. Lilitoka kwa bibi mmoja wa jumuiya ndogondogo iliyo mbali na mji. Alinishika mkono baada ya Misa akasema, “Baba, gari hilo ndilo lililomleta marehemu mume wangu hospitali, na ndilo lililomrudisha nyumbani tumzike. Mkilivua bodi, litakuwa lilelile? Au ndiyo mmelitupa, kama alivyotupwa yeye?”

Bibi yangu, naomba nikujibu hapa, ili na wengine wasikie.

Kuhusu gari, ndiyo, litakuwa lilelile. Chasisi ni ileile, namba ni ileile, na zaidi ya hayo kazi ni ileile. Mwaka 1927 Padre Paul Schulte, Mjerumani wa Shirika la Waoblate wa Maria Imakulata, alianzisha MIVA, chama cha kuwapatia wamisionari vyombo vya usafiri, baada ya rafiki yake mmisionari kufariki huku Afrika akiwa mbali na daktari, bila chombo cha kumfikisha kwa wakati. Gari la misheni lilizaliwa katika msiba wa namna hiyo. Litaendelea kuwa gari letu maadamu linamfikia mgonjwa.

Kuhusu mume wako, hapo mfano wa gari unakoma, nami nakataa kuuvuta mbele zaidi. Wapo wasemao kwamba mwili ni bodi tu, na kwamba roho ikishatoka bodi ni takataka. Hiyo si imani yetu. Kila Dominika katika Nasadiki tunakiri ufufuko. Hatukiri kwamba Mungu atatupa nakala, wala kwamba atachukua roho na kuuacha mwili uozee mbali naye milele. Mtume Paulo aliwaeleza Wakorinto kwa mfano wa mbegu: kinachozikwa ni dhaifu, kinachofufuliwa kina utukufu, lakini ni mbegu ileile iliyopandwa. Fundi wetu huchukua alumini mpya kwa sababu hana uwezo wa kuihuisha ya zamani. Mungu anao. Mikono iliyolima shamba lako na kubeba watoto wako haijatupwa, Bibi. Imepandwa.

Ndiyo maana Kanisa halijawahi kuuacha mwili nje ya mlango. Hapa kwetu Katavi tunaye shahidi. Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na kusomeshwa utabibu Malta, alifika Karema mwaka 1889 na kuhudumu hapo hadi kifo chake mwaka 1956. Alikuwa katekista na tabibu. Mtu yuleyule alifundisha sala na kufunga vidonda, wala hakuona kwamba alikuwa na kazi mbili.

Kwa hiyo, wapendwa, tunapochagua urefu wa benchi, tunapoongeza vioo kwa ajili ya mbung'o, tunapotaka sakafu isiyokuwa na ncha ya kumchoma mama mjamzito, tunakiri kwa alumini na bolti kwamba mwili wa jirani ni mtakatifu. Usione vyaelea, vimeundwa. Na mwenye kuunda vema anasali.

Kazi iliyobaki ni ya milango na vioo. Wanaume wenye ujuzi wa useremala wanaombwa kumwona mwenyekiti wa Halmashauri kuhusu benchi, na WAWATA wamekwisha kujitolea magodoro mawili. Hesabu yote itabandikwa kwenye ubao wa matangazo, pamoja na ile theluthi isiyoonekana. Na kwa kuwa masika hayatusubiri, tumwombe Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri, na Mtakatifu Yosefu, fundi wa Nazareti, watuombee ili tumalize kazi hii kwa uaminifu, chini kama juu.

Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.