Mkono kwa Mkono

Nimetakiwa niandike habari ya safari yetu ya Florida. Habari za joto na foleni mmekwisha kuzisikia kwa watoto. Mimi nitasimulia habari ya beji.

Katika viwanja vya burudani vya Walt Disney World, karibu na mji wa Orlando, kuna mtindo ulioanza mwaka 1999 wa kubadilishana beji. Ni vipande vidogo vya chuma vilivyotiwa rangi, vyenye sura ya Mickey na wenziwe, na nyuma vina msumari mfupi wenye kifungio. Wako wafanyakazi wanaovaa mkanda shingoni uliojaa beji hizo. Mgeni humwendea, akachagua aipendayo, akatoa yake. Fedha haipiti kabisa. Masharti ni machache: beji moja kwa moja, zisizidi mbili kwa mfanyakazi mmoja kwa siku, nayo iwe ya chuma na yenye alama ya kampuni nyuma. Sharti likitimia, mfanyakazi hakatai.

Mjukuu wangu wa miaka tisa aliupenda mchezo huu tangu tuko London. Beji za dukani ni ghali, basi mimi, kwa ubahili wa kimwalimu, nikanunua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni mfuko wa beji 50, kwa bei ambayo dukani isingetoa hata tano. Nikajiona hodari wa soko.

Siku ya kwanza alibadilisha nne. Jioni, tukiwa tumepumzika kwenye benchi, bibi mmoja mwenye daftari zima la beji alizitazama zetu, akazigeuza, akatuonyesha: kingo zinakwaruza, rangi haikujaa, alama ya nyuma imefifia. Zote bandia.

Usiku mtoto akaniuliza, "Babu, wewe ulijua?"

Nikamjibu, "Sikujua, mjukuu wangu. Lakini bei iliniambia, nami sikuisikiliza."

Mwanangu akasema, "Baba, usijisumbue. Wenyewe wanazipokea, na bandia zimejaa kwenye mikanda yao. Mwache mtoto acheze." Nusura nikubali, maana fedha nilikwisha kutoa. Lakini nilikumbuka chuoni, maalim wetu akitusomesha biashara: kitu kwa kitu, mkono kwa mkono, na aibu ya mali isifichwe. Alitusimulia Mtume (S.A.W.) alivyotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta chini imerowa, akamkemea muuzaji. Na huyu mfanyakazi asiyeweza kukataa, nikaona, ndiye hasa asiyefaa kupewa kibovu.

Nikamweleza mtoto hayo yote. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na zile nne?"

Asubuhi nikanunua dukani beji nne halali, kwa fedha iliyopita bei ya mfuko mzima. Tukarudi kuwatafuta wale wafanyakazi. Mbili alizikuta bado zinaning'inia. Akazichukua, akatoa nzima. Mbili zilikwisha kwenda na watu tusiowajua. Mtoto alisimama pale machozi yakimlengalenga, nami sikuwa na la kumwambia. Mwisho akaamua mwenyewe: akapita kwa wafanyakazi wengine, akikagua mikanda yao kama fundi wa saa, akachagua bandia mbili, akazitoa kwa nzima. Mmoja alimshangaa: "Una hakika unaitaka hii?" Akajibu kuwa ndiyo.

Nimefundisha miaka mingi, na masomo mengi nimeyatoa kwa chaki. Hili nililitoa kwa kosa langu mwenyewe, na aliyelikamilisha ni mwanafunzi.

Beji zile zimo katika mkebe wa biskuti nyumbani London. Juzi tulizihesabu pamoja. Zipo 50 kamili, ingawa mbili si zile.

Wabillahi tawfiq.