Kibua wa Deep Sea

Kibua mmoja wa Deep Sea huwalisha watu sita kabla hajatiwa kikaangoni. Niliwahesabu alfajiri moja katika soko hilo la samaki jijini Tanga, nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa: mvuvi aliyekesha baharini, kijana aliyebeba tenga kutoka mashuani huku maji yakimfika kifuani, dalali wa mnada aliyekauka sauti, muuza barafu, mchuuzi wa baiskeli, na mama mwenye karai la mafuta. Takwimu zitaandika "uvuvi" na kupita. Tanga haiandikiki kirahisi hivyo, na ndiyo sababu naipenda.

Baiskeli ile niliifuata (kwa bajaji, sijidai) hadi Ngamiani, kwenye mitaa inayoitwa kwa namba. Mchuuzi alipiga kengele mlango hadi mlango mpaka tenga likabaki na magamba tu. Mchana, akaniambia, yeye ni fundi rangi.

"Kaka, hapa kazi moja haishibishi."

Zamani kazi moja ilishibisha mkoa mzima, au tuseme iliushughulisha. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliletewa miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ni 62. Kutokana na hiyo yalitokea mashamba yasiyo na mwisho unayoyapita ukija kwa basi kutoka Muheza. Watu waliletwa kutoka Kigoma, Songea, hata Burundi na Msumbiji, wakapewa namba, na lugha yetu ikapata neno manamba. Mmoja alikata majani, mwingine akalisha korona, mashine ya kuyachambua, wengine wakaanika singa na kuzipiga brashi. Reli ikazipeleka bandarini, kuli akazipakia. Miaka ya sitini nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha zikaja kamba za nailoni, na kutoka shambani hadi gatini kila mtu akaguswa. Mkonge haujafa, singa bado zinaanikwa, ila jiji halitegemei tena bega lake peke yake.

Bandarini mambo yamegeuka upya. Meli kubwa zilikuwa zikitia nanga mbali. Shehena ikashushwa kwenye matishari, kisha ikapakuliwa tena gatini. Sasa kina kimechimbwa hadi mita 13 na meli hufunga gati. Kazi ya kupakua mara mbili imekwisha. Nilichokiona nje ya lango ni malori, na pembeni mwa malori akina mamantilie, wauza vocha, mafundi wa kuziba pancha. Hakuna meli inayofika ikawashibisha makuli peke yao.

Pongwe nilipita haraka, vumbi la saruji likinifuata. Ila lilinichekesha jambo hili: mawe ya chokaa yanayosagwa kwenye kiwanda cha saruji cha hapo yana ndugu zao pale Amboni, kwenye mapango, ambako hakuna anayeyagusa na bado yanawalipa waongoza watalii.

Jioni nilirudi Ngamiani kumla kibua wangu kwa ndimu na pilipili, juu ya kipande cha gazeti. Yule mchuuzi akapita. Tenga halikuwepo, kwenye keria alifunga ndoo mbili za rangi, na kiwiko chake kilikuwa cha buluu. Akapiga kengele vilevile kama asubuhi.