Usiache Mbachao

Wazee wetu walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii tuliisoma darasani, tukaifasiri katika mitihani, tukapewa alama zetu, na bado hatukuielewa. Mbachao ni mkeka mkuukuu uliochakaa; msala ni mkeka mzuri wa kusalia, lakini ule upitao ni wa mtu mwingine, nao hauna makao kwako. Hapana mwanafunzi asiyeweza kueleza hayo. Lakini kuifasiri methali ni jambo moja, na kufikwa nayo ni jambo jingine. Sisi ilitufika mwaka 1974, mjini Pangani, siku tulipoushika mpini mmoja wa sanduku la bibi yetu, mchukuzi akaushika wa pili, tukalitoa nje ya nyumba.

Lilikuwa sanduku la msaji, zito, limepambwa kwa mabamba na misumari ya shaba iliyopangwa kwa nakshi. Chini lilikuwa na droo tatu, na ndani, upande wa kushoto, palikuwa na kijisanduku cha kuwekea vito, chenye kificho ambacho sisi watoto tulikatazwa kukijua na sote tulikijua. Bibi aliweka humo kanga zake, udi, na sanda yake mwenyewe, maana watu wa rika lake hawakumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Kifuniko kilipofunguliwa, nyumba nzima ilinukia. Na upande wa ndani wa kifuniko hicho palikuwa na maandishi ya wino mweusi, mistari na mistari, kwa herufi za Kiarabu.

Zama hizo kila mwenye mshahara alitaka makochi. Nasi tulikuwa tumeanza kazi ya ualimu karibuni, na tuliona haya wageni wetu kukalia mkeka, huku ukutani kumeegemea sanduku la watu wa kale. Akaja mchuuzi. Akaligonga sanduku kwa kidole, akaguna kana kwamba halimpendezi, kisha akataja bei: makochi mawili ya sponji na fedha kidogo juu yake. Wakubwa wa ukoo walikubali, na sisi tulikuwa wa kwanza kuwaunga mkono. Bibi hakubisha. Alitoa nguo zake moja moja, akazipanga kitandani, akalipangusa sanduku vumbi kwa ncha ya kanga yake, kisha akaketi barazani mpaka tulipomaliza.

Makochi yale hayakutimiza miaka sita. Sponji ilibonyea, mbao zake zikaliwa na bungua, tukayatupa. Lakini hasara yenyewe tuliijua baadaye, baba yetu mdogo alipotakiwa na ofisi moja kuthibitisha umri wake ili apate haki yake ya uzeeni. Aliulizwa tarehe ya kuzaliwa. Akajibu kwa utulivu, kama mtu anayejua pa kuitafuta: "Imo kwenye sanduku la mama." Ndipo tulipofahamishwa kwamba ile mistari ya wino ilikuwa daftari la ukoo. Baba yake babu aliianza, na kila aliyezaliwa na kila aliyekufa aliandikwa humo kwa Kiswahili, kwa tarehe za mwezi mwandamo. Sisi tuliokuwa walimu hatukuweza kuusoma mstari hata mmoja, na kwa kuwa hatukuweza kuusoma, hatukuuliza. Tulidhani tumeuza mbao.

Tangu hapo tulianza kuvitazama vyombo vya kale kwa jicho jingine, na kila tulipofundisha tulikwenda tukiuliza na kukusanya. Hapana haja ya kuwa tajiri ili kuifanya kazi hii. Jikoni peke yake mna elimu ya kutosha: kinu na mchi wake, kata ya kifuu cha nazi, upawa, kifumbu cha kukamulia tui, kawa la kufunikia chakula, chano, ungo. Itazameni mbuzi ya kukunia nazi iliyorithiwa. Kibao chake kimelika katikati, na ukiketi juu yake waona kwamba umeketi mahali pa mama wengi waliotangulia. Sebuleni kulikuwa na mrashi wa kunyunyizia marashi, chetezo cha kufukizia udi, na mdila wa kahawa. Chumbani kulikuwa na kitanda cha kamba, na neno kuwamba, ambalo vijana wetu hulijua kwa ngoma tu, lilikuwa neno la kila nyumba. Kitanda kikilegea huwambwa upya. Pamoja na kitanda chenyewe tunapoteza matendegu na mifumbati, yaani hata majina ya viungo vyake.

Katika miji ya Lamu na Pate ufundi huu ulifika mbali. Kuta za nyumba za mawe zilichongwa zidaka, safu juu ya safu, na humo zikawekwa bakuli na sahani zilizotoka ng'ambo. Mgeni wa heshima aliketishwa katika kiti cha enzi, kirefu cha mgongo, cha mbao nyeusi, chenye pahala pa kuegeshea miguu, kilichosukwa kwa kamba na mara nyingine kutiwa njumu za pembe. Bara nako hakukukosa mafundi. Wagogo walichonga vigoda vya miguu mitatu kutoka gogo moja, pasipo kiungo wala msumari. Watemi wa Usukuma walikuwa na viti vyao vya enzi, na huko Bujora, karibu na Mwanza, makumbusho yaliyoanzishwa katika miaka ya 1950 yana jumba lililojengwa kwa umbo la kiti hicho.

Pengine msomaji atauliza: je, huu ni utamaduni wetu kweli? Masanduku mengi yaitwayo ya Zanzibar yalitengenezwa Bara Hindi, yakaletwa na majahazi kwa pepo za kaskazi, ndipo mafundi wa hapa wakayaiga. Geuza baadhi ya sahani za zamani za pwani uone mhuri ulio chini, utakuta zimetoka Maastricht, Uholanzi. Swali hili ni la haki, wala tusilikwepe. Jibu letu ni kwamba chombo hakiwi cha taifa kwa sababu ya mahali mti wake ulipokatwa tu. Huwa chetu pia kwa yale tuliyoyatenda nacho. Sahani ya Uholanzi iliyotiwa katika kidaka cha Lamu haikuwa tena sahani ya Kizungu. Na sanduku la Kihindi lililobeba majina ya vizazi vinne vya Pangani lilikuwa la Pangani, mpaka sisi tulipoliuza.

Tena tusidhani kwamba tamaa ya kipya ni ugonjwa wa maskini au wa walimu wachanga. Katika Makumbusho ya Kasri mjini Unguja, yaliyofunguliwa mwaka 1994 katika jumba la masultani wa zamani, miongoni mwa samani zilizooneshwa palikuwa na kabati la fomaika. Hata kasrini, basi, msala ulipita.

Hata hivyo kukusanya nako kuna makosa yake, na tungekuwa waongo kama tungejisifu. Shuleni kwetu tulianzisha chumba kidogo cha vyombo vya kale. Mzazi mmoja alitukabidhi kigoda cha marehemu baba yake, cheusi, kinachong'aa kwa mafuta na kwa kukaliwa. Sisi tukaona ni uchafu. Tukawapa wanafunzi msasa, wakakisugua mpaka mti ukatoka mweupe, kisha tukakipaka vanishi. Mzee yule alipokuja kututembelea alizunguka chumba kizima, akauliza: "Mwalimu, kigoda cha baba kiko wapi?" Nacho kilikuwa mbele yake. Ule weusi ndio uliokuwa kumbukumbu ya aliyekikalia, nasi tuliufuta kwa asubuhi moja.

Kosa la pili nusura tulifanye kwa bibi mmoja kizee aliyeishi kandokando ya mto. Alikuwa na mbuzi ya nazi yenye nakshi, tukaitamani. Tukamwahidi kumnunulia mpya dukani. Alicheka, akasema: "Mwalimu, wewe waiona kuukuu, mimi naona meno yake yangali makali. Siku itakaposhindwa kukuna nazi, njooni mwichukue." Tulirudi mikono mitupu, lakini tulirudi na fundisho. Mchuuzi aliyelichukua sanduku letu na mwalimu anayeitamani mbuzi ya kizee wanatofautiana nia tu. Kwa mwenye nyumba, wote wawili wanaondoka na chombo. Juma lililofuata tuliwapeleka wanafunzi kwake. Waliichora mbuzi ile, wakaipima, wakaandika aliyeichonga, aliyemrithisha, na nyimbo zilizoimbwa wakati wa kukuna. Jioni yake ilikuna nazi kama kawaida.

Kutokana na hayo, tunawashauri walimu na wanafunzi wenzetu mambo machache. Kwanza, kabla ya kukitaka chombo, takeni habari zake: jina lake na majina ya viungo vyake, kimetengenezwa kwa mti gani, nani alikitumia na kwa kazi gani. Chombo kisicho na habari ni kama mtoto aliyeokotwa. Pili, msisugue wala kupaka rangi. Pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, kiwekwe mbali na jua, unyevu na mchwa. Mengine mwachieni mjuzi. Tatu, kinachotumika kiacheni kitumike. Nne, fahamuni sheria. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo hulinda vitu vya kale, ikiwemo milango na miimo ya kuchonga iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1940. Anayeing'oa na kuisafirisha nje bila kibali huvunja sheria, hata kama ameilipia.

Wala tusitegemee makumbusho peke yake. Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883 na ambalo baadaye lilikuwa makumbusho, liliporomoka sehemu yake mwezi Desemba 2020. Ghala la kwanza la utamaduni ni nyumba ya kila mwananchi, na mlinzi wake wa kwanza ni yule anayejua kuuliza.

Sisi hatujaacha kulitafuta sanduku la bibi. Kila tupitapo katika maduka ya vitu vya kale, iwe Unguja au Dar es Salaam, huomba ruhusa ya kuinua vifuniko. Wenye maduka hudhani tunakagua shaba. Tumeona mazuri kuliko la bibi, na tumeona mapya yaliyozeeshwa kwa makusudi ili kuwahadaa wageni. Yenye maandishi hatujayaona bado. Huenda aliyelinunua alilipiga msasa, kama tulivyokifanyia kigoda.

Lakini wajukuu zetu sasa wana daftari. Tumeliandika upya kwa kukumbuka, kwa kuwauliza wazee, kwa kukisia pale ilipobidi, na penye kukisia tumetia alama. Jina la baba yetu mdogo limo, bila ya tarehe. Tumeifundisha mikono yetu ya uzeeni kuandika herufi zile tulizozidharau ujanani, na daftari hilo tumeliweka ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda. Si zuri, lakini haliuzwi.