Sabufa Katika Baridi ya Minnesota

Kazi yangu ni kufunga redio za magari. Nimeifanya miaka mingi pale Gerezani, Kariakoo, na adui ninayemfahamu vizuri ni joto. Gari likishinda juani Dar es Salaam, buti linachemka, gundi ya spika inalainika, koili inaungua, na amplifaya inajizima yenyewe ili isife. Wateja nawaambia waegeshe kivulini, wafunge feni ndogo, wasizibe matundu ya hewa. Kwa hiyo kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliponialika Minnesota katikati ya Januari, swali langu la kwanza lilikuwa la kifundi: "Kaka, sabufa yako huko inaishije?" Akanijibu, "Njoo mdogo wangu, uiguse mwenyewe."

Uwanja wa ndege wa Minneapolis ulikuwa na joto la kutosha kiasi kwamba nilivua sweta. Nikajisemea kwamba watu wametia chumvi kuhusu baridi. Milango ya nje ilipofunguka, pumzi ya kwanza iliingia puani na kunasa hapo hapo, vinyweleo vya pua vikagandana. Macho yalitoa machozi na machozi yakaanza kuwa mazito kwenye kope. Baridi ya Julai kule Njombe naijua, ile inayoacha sakitu kwenye majani asubuhi, lakini ile unaiepuka kwa koti na chai ya tangawizi. Hii ilipenya kwenye soli za viatu. Kipimo cha gari kilionyesha 17 chini ya sifuri kwa hesabu ya Farenhaiti wanayotumia Wamarekani. Kaka akanigeuzia: nyuzi 27 chini ya sifuri za Selsiasi.

Tulipofika kwake niliona waya wa umeme wenye plagi ukining'inia mbele ya gari lake, pale kwenye grili. Nilidhani fundi fulani kausahau. Kaka akauchukua, akauchomeka kwenye soketi ya ukutani, akaingia ndani bila kueleza. Baadaye ndipo akaniambia kwamba ni hita ya injini. Usiku kucha inapasha maji au chuma cha injini ili asubuhi oili isiwe nzito mno na gari liwake. Nilisimama nikiutazama ule waya kwa muda mrefu. Kwetu tunahangaika injini isichemke, na hapa mtu analipia umeme ili injini isigande akiwa amelala.

Asubuhi alinipa ufunguo wa Camry yake. Injini ilizunguka kwa kuvuta, ikaguna, ikawaka. Kioo cha redio kilichelewa kuamka, maandishi yakawa yanabadilika polepole huku yakiacha kivuli cha herufi zilizopita. Nikaenda kwenye buti. Humo kuna sabufa ya inchi 12 ndani ya boksi lililofungwa pande zote, kazi safi ya mtu anayejua kukata ubao. Niliweka vidole kuzunguka kitovu cha koni nikaibonyeza taratibu, kama ninavyofanya kila siku kazini kabla sijapokea spika ya mteja. Spika nzima kwetu huzama na kurudi kwa ulaini. Hii haikuzama. Mpira wa ukingoni ulikuwa mkavu na mgumu, na chini yake nilihisi kitambaa cha mikunjo tunachokiita spaida kikikataa kupinda. Kaka akapaza sauti kutoka mlangoni, "Taratibu! Usiilazimishe!"

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa baridi kwa mikono yangu. Sabufa haina siri kubwa: koili imeshikamana na koni, sumaku inaisukuma na kuivuta, na vitu viwili vinaishikilia ikae katikati, yaani ukingo wa mpira juu na spaida chini. Vitu hivyo viwili ndivyo vinavyoamua koni itembee umbali gani. Baridi ikivikaza, koni inatembea kidogo, na ule mtikisiko wa asili wa spika unapanda juu. Sauti za chini kabisa, zile za hezi 30 na kushuka, ndizo zinazopotea kwanza kwa sababu ndizo zinazodai mwendo mrefu.

Kaka aliwasha muziki kwa sauti ndogo sana, amapiano, ili nisikie. Ile ngoma nzito ya chini ambayo kwenye bajaji za Dar hutikisa vioo vya madukani ilitoka kavu, imekatwa mkia. Nilisikia kugonga bila kusikia mvumo. Redio ilikuwa ile ile na nyaya zilikuwa salama, kwani nilizikagua moja moja. Akazima. "Bado," akasema. "Kwanza gari lipate moto."

Aliinamisha mgongo wa kiti kimoja cha nyuma ili hewa ya hita ipite hadi kwenye buti. Jambo hilo dogo lilinifurahisha sana, kwa sababu linaonyesha mtu anayekijua chombo chake. Gari la aina hii lina buti lililotengwa, dereva anaweza kuwa na jasho mbele huku sabufa nyuma ikiwa bado kwenye barafu. Gari lenye mlango wa nyuma ulioungana na viti halina shida hiyo kubwa. Baada ya kama dakika ishirini za kuendesha, akaanza na sauti ya chini, akaongeza kidogo kidogo. Koili yenyewe inapofanya kazi hutoa joto, na spaida inapopindapinda kwa upole hulainika. Nilikumbuka wapiga ngoma wa kwetu Pwani, wanaowasha moto wa makuti pembeni ya uwanja na kuegemeza ngoma zao kabla ya mchezo. Wao wanataka ngozi ikaze, kaka anataka mpira ulegee, lakini subira ni moja, na anayeiruka huumbuka mbele ya watu.

Kesho yake alinipeleka kwenye karakana ya redio za magari. Nililia wivu nilipoingia: chumba kikubwa chenye joto, magari yanaingizwa ndani kabisa, fundi anafanya kazi kwa fulana wakati nje theluji imefika magotini. Alikuwa mzee mpole, na alipoambiwa mimi ni fundi mwenzake kutoka Tanzania, alinitolea kitu kutoka chini ya meza. Ilikuwa sabufa iliyokufa kwa baridi. Niliizungusha mikononi. Ufa mwembamba ulikuwa umetambaa robo ya mduara, mahali mpira unapokutana na koni, na upande wa pili gundi ilikuwa imebanduka ikiwa kavu kabisa, haijavutika hata kidogo. Koili ilikuwa nzima, inang'aa. Kwetu spika hufa na harufu ya kuungua, ikiwa nyeusi tumboni. Hii ilikufa ikiwa safi. Mwenye nayo alitoka kazini usiku wa manane, akawasha gari, akafungua sauti yote papo hapo.

Tuliongea na yule mzee hadi chakula cha mchana. Aliniambia kwamba mipira haifanani: baadhi hukakamaa haraka baridi ikizidi, na ukingo wa sponji mara nyingi hubaki laini kuliko mpira. Nikamweleza kwamba kwetu tunaukimbia huo sponji, maana joto na unyevu wa Pwani huuozesha, ukaanza kupukutika ukiugusa. Alishangaa kama nilivyoshangaa mimi. Tulikuwa mafundi wawili wa kazi moja, na kile ninachomkataza mteja wangu ndicho anachoweza kumshauri wake.

Akaniongezea jambo la amplifaya. Vifaa vya elektroniki vyenyewe huvumilia baridi, na hata kupoa kwake kunakuwa rahisi. Hatari yake ni maji. Amplifaya iliyolala nje ikiingizwa ghafla kwenye chumba chenye joto, mvuke uliomo hewani hugeuka matone juu ya chuma chake, ndani na nje. Alinionyesha moja iliyoletwa asubuhi hiyo: mapezi yake ya kupozea yalikuwa meupe kwa sakitu, kisha mbele ya macho yangu yakaanza kulowa hadi maji yakachuruzika mezani. Haiunganishwi na umeme mpaka ikauke yenyewe.

Mwisho wa wiki tukashika barabara kuu ya I-35 kwenda Duluth, kama kilomita 250 kaskazini. Misonobari ilianza kusongamana pande zote mbili, na mashamba yaliyobaki yalikuwa meupe bila alama ya njia. Kwenye kituo kimoja cha mafuta tulimkuta kijana amefungua boneti. Alikuwa amekaa akisikiliza muziki injini ikiwa imezimwa, na gari likakataa kuwaka. Kaka akatoa nyaya akambusti bila maneno mengi, nami nikashika tochi huku vidole vikiniuma ndani ya glavu.

Tuliporudi barabarani akanieleza hesabu ya betri. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri za Selsiasi, betri ya kawaida hubakiwa na nusu ya nguvu yake ya kuwashia au pungufu ya hapo, wakati huo huo injini yenye oili nzito inadai nguvu zaidi. Amplifaya kubwa ikinyonya juu ya hapo, hakuna kinachobaki. Tena betri iliyojaa chaji haigandi hata kwenye baridi kali sana, lakini iliyoishiwa inaweza kuganda nyuzi chache tu chini ya sifuri, ikavimba na kupasuka. Kwetu mtu hufungua milango ya gari ufukweni Coco, muziki ukapiga jioni nzima injini imezimwa, na hasara yake ni kusukumwa na vijana. Huku anaweza kukwama gizani mahali ambapo kukaa bila hita ni hatari kwa maisha.

Duluth inajitokeza ghafla. Barabara inashuka mlima, na chini yake limelala Ziwa Superior. Nimekua nikijivunia Ziwa Victoria, na bado najivunia, lakini hili kwa eneo linalizidi: takriban kilomita za mraba 82,000 kwa 69,000 hivi za kwetu. Ukingoni maji yalikuwa barafu tupu, mbele zaidi yakafuka mvuke. Meli ndefu za kubeba madini ya chuma zilikuwa zimefungwa bandarini, kwa sababu njia ya malango ya Sault Ste. Marie hufungwa kuanzia katikati ya Januari hadi Machi. Daraja la kunyanyuka, lililojengwa mwaka 1905 kabla halijageuzwa kuwa la kunyanyuka, lilisimama bila kazi. Nikafikiri kwamba sumaku za sabufa nyingi zinatokana na oksidi ya chuma, na hapa ndipo madini ya chuma yanapopakiwa.

Gari kwa wakati huo lilikuwa na joto hadi nyuma kabisa. Kaka akaniambia, "Sasa fungua." Nikafungua. Ile ngoma ya amapiano iliyokatwa mkia siku ya kwanza ilirudi nzima, pana, ikashika kifua changu na kioo cha mbele kwa pamoja. Nilibonyeza koni tulipoegesha: ilizama, ikarudi kwa ulaini, sawasawa na za Gerezani. Kisha nikatoka nje, nikafunga mlango na kuhesabu hatua chache kwenye theluji laini. Muziki karibu ulipotea. Theluji mpya imejaa hewa katikati ya chembe zake na hunyonya sauti, tena katika baridi ile sauti yenyewe husafiri pole zaidi, takriban mita 315 kwa sekunde badala ya karibu 349 za mchana wa Dar. Sijawahi kusikia mji mtulivu namna ile, na furaha niliyokuwa nayo pale siwezi kuificha.

Nimerudi nimeongeza maswali ninayomuuliza mteja. Zamani nilimuuliza anapenda muziki gani na gari linaegeshwa wapi. Sasa nikisikia linakwenda Makete au Mufindi, au mwenyewe anahamia Kanada na anataka kubeba spika zake, tunaongea kwanza habari za mpira, gundi na betri.

Nawe uliyeko ughaibuni, Minneapolis, Toronto au Helsinki, unayeitunza sabufa yako kama ukumbusho wa nyumbani, shika utaratibu huu: pasha gari moto kwanza kwa kama dakika ishirini, fungua njia ya hewa hadi kwenye buti, anza na sauti ndogo ukiongeza kidogo kidogo, usipige muziki injini ikiwa imezimwa, na usiunganishe amplifaya yenye unyevu. Ukifanya hivyo, besi yako itavuka majira yote ya baridi ikiwa nzima.